Mlonge wa Mwalimu wa Kemia

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba jani lina kemia ndani yake ndiye mtu wa kwanza niliyemheshimu na kumchukia kwa wakati mmoja. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu mtaa wetu wote wa Chechelesi ulimwita hivyo: waliosoma kwake, wasiosoma popote, makarani wa kaunti, hata mke wake walipokuwa bado wanaishi pamoja. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa ajili ya watoto wake, ambao hawajanikosea kitu.

Niseme mapema kinachoniuma, nisije nikaonekana nazunguka. Dada yangu mdogo, Talaso, mimba yake iliharibika baada ya kunywa mizizi ya mlonge uliokuwa kwenye ua wa Mwalimu. Mwalimu alisema mbele ya wazee kwamba alikuwa amemwonya. Talaso hakukumbuka onyo lolote. Kati ya wawili hao mmoja alisema kweli, na dada yangu alilipia jambo hilo kwa ndoa yake. Nimeishi miaka mingi nikitaka kujua ni yupi.

Sasa mtazameni mtu mwenyewe. Alikuwa mfupi, shingo nene, suruali imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukukata. Juu ya hiyo suruali alivaa koti jeupe la maabara, na hakulivaa shuleni peke yake. Alilivaa akienda kununua maziwa, akienda benki, akipita sokoni kwenye vumbi letu la Isiolo ambalo halina huruma na nguo nyeupe. Watoto wa mtaa walimkimbilia wakidhani ni daktari wa chanjo, au walimkimbia kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa milimani, kutoka upande wa Meru, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu alisimama langoni akiutazama Mlima Kenya kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

Mdomo wake ulikuwa mkali. Neno lake kubwa lilikuwa "Mimi sirudii." Alieleza jambo mara moja, akalifuta ubaoni, na aliyekuwa akitazama dirishani shauri yake. Mvulana mmoja aliandika jibu la hesabu ya kemia kuwa ishirini na nne, bila kipimo. Mwalimu akamsimamisha.

"Ishirini na nne nini?"

"Ishirini na nne, Mwalimu."

"Nimekuuliza nini. Gramu? Lita? Mbuzi?"

Darasa likacheka, mvulana akapata sufuri, na mpaka leo ni baba wa watu anayeitwa Mbuzi. Mimi pia nilicheka. Mwalimu alikuwa anachekesha sana mradi si wewe uliyesimama.

Sifa moja ambayo hata maadui wake hawakumnyima ni kwamba hakusema uongo. Siku moja walikuja wageni wakubwa kukagua shule yetu, na mwalimu mkuu alikuwa amewaambia walimu wote waseme maabara imekamilika. Mgeni mmoja akamgeukia Mwalimu akauliza vifaa vikoje. "Tuna bika mbili," akajibu, "na moja imepasuka." Mwalimu mkuu alibadilika rangi. Sisi tuliokuwa tumepanga mstari nje ya dirisha tulisikia, na habari ikafika Chechelesi kabla ya kengele ya jioni. Tangu siku hiyo watu wakibishana walikuwa wakisema, "Twende tumuulize Mwalimu," na neno lake likimaliza mambo. Mkumbuke hilo, kwa maana ndilo lililommaliza dada yangu.

Alijua kufundisha, hilo simnyang'anyi. Tukiwa kidato cha tatu alitupakia kwenye lori la shule akatupeleka Gotu, kwenye mto Ewaso Nyiro, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukajaza ndoo. Akatoa mbegu za mlonge mfukoni mwa koti, akazimenya yale maganda yenye mabawa, akazitwanga kwa jiwe, akakoroga unga wake ndani ya maji. Kisha akatuambia tukae kimya. Kukaa kimya kwetu ilikuwa kazi, lakini tulikaa, na tope likaanza kujikusanya vipande vipande na kushuka, mpaka tukaona chini ya ndoo.

"Uchawi!" mtu akasema.

"Uchawi ni mtihani wako wa juzi," Mwalimu akamjibu. "Ndani ya mbegu kuna protini yenye chaji chanya. Tope lina chaji hasi. Vinashikana, vinakuwa vizito, vinazama. Na msinywe. Maji meupe si maji safi. Vijidudu vingine vimebaki humo, vinawangoja wajinga. Chemsheni."

Halafu akampa kila mmoja wetu jani bichi atafune. Mwanzoni halikuwa na kitu, kisha likaanza kuuma ulimi kama figili. Akatueleza kwamba jani likiwa zima, vitu viwili vinakaa ndani yake vimetengana: kimoja kinaitwa glukosinoleti, kingine ni kimeng'enya. Ukilitafuna vinakutana, na kunatoka isothiosianeti, ndiyo hiyo inayouma. "Mti unajitetea kwa kemia," akasema. "Nyinyi mnajitetea kwa kelele." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeamua maisha yangu. Leo ninafanya kazi katika kemisti mjini, na kila ninapopima dawa, nikisahau kuandika kipimo, nasikia sauti yake ikiniuliza habari za mbuzi.

Ua wake wote ulikuwa milonge. Aliipanda mwenyewe, akaipogoa isirefuke, na alikasirika ukiiita moringa. "Moringa ni ya kwenye matangazo. Kwa Kiswahili ni mlonge." Majani aliyakausha ndani ya chumba, juu ya chandarua cha mbu kilichotandikwa, madirisha wazi. Mtu akiyaanika juani alimkaripia, kwamba jua linaua vitamini na utabaki na vumbi la kijani. Unga aliugawa bure. Akina mama walisimama langoni kwake na mifuko, naye akawasomea: kuna chuma, kuna kalsiamu, kuna karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kuna kwesetini, kuna asidi ya klorojeniki. Wengi wao hawakushika hata neno moja, lakini walipenda kusomewa. Ilikuwa kama kupata dua kidogo kabla ya kwenda nyumbani.

"Mwalimu, nataka ile ya sukari," mama mmoja alimwambia nikiwepo, "na jirani yangu anataka ya damu."

"Ni jani lile lile, mama."

"Sasa itajuaje iende wapi?"

Mwalimu alikunja uso, lakini akamjibu vizuri. Alimwambia kwamba kwa sukari inasaidia kidogo, kwamba kidogo si kupona, na kwamba akiacha vidonge vya hospitali kwa sababu ya jani, asije langoni kwake tena. Hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

Wale wauzaji wa dawa wanaozunguka na vipaza sauti, wanaotangaza kwamba moringa inatibu kila kitu kuanzia vidonda vya tumbo mpaka kukimbiwa na mke, aliwachukia kabisa. Alisimama mbele yao na koti lake akauliza, "Kiasi gani? Kwa mtu wa uzito upi? Kwa siku ngapi?" Wateja wakaanza kutawanyika, na siku moja muuzaji alimrushia chupa tupu. Mwalimu aliiokota, akaisoma lebo, akacheka mpaka akashika tumbo.

Na bado huyo huyo hakula mlonge wake. Alikuwa na presha, akameza vidonge vya hospitali kwa saa yake bila kukosa. Chai yake aliijaza sukari mpaka kijiko kikakwama. Jioni alikaa nyuma ya nyumba na miraa yake, shavu limevimba. Nilimuuliza mbona hatii unga kwenye chakula chake. "Ladha yake inanikera," akasema. "Mimi ni mwalimu wake, si mgonjwa wake." Nilidhani ni mzaha mzuri sana.

Kuna upande mwingine ambao sikuuona nilipokuwa mwanafunzi, kwa sababu tulikuwa tumeuzoea. Mwalimu aliishi kati yetu, sisi Waborana na Waturkana na Wasomali wa Chechelesi, tangu ujana mpaka mvi, na Kiborana chake kilikuwa salamu moja tu. Maziwa ya ngamia hakuyagusa. Arusi zetu alizisikilizia kwa mbali. Alitusema vizuri tukifaulu mitihani, na tukifeli alisema "watu wa mifugo" kwa sauti ambayo ungependa kumtia kofi. Baba yetu alipofariki, Mwalimu alikuja na mwavuli wake, akasimama nje ya lango, akatoa pole kwa maneno yaliyopangwa, akaondoka bila kuvuka kizingiti. Mama alisema ni haya. Mimi siku hizi naiita kiburi.

Kama angevuka kizingiti hata mara moja mtu wetu akiwa mgonjwa, angejua jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Kwetu jani ni la mbuzi. Dawa ni mzizi, au gome. Akko, ndiye bibi yetu mzaa mama, alitulea kwa mizizi: ya kifua, ya tumbo, ya homa, ya ng'ombe aliyekataa kutoa kondo. Aliichimba mwenyewe kwa fimbo yenye ncha, akaiosha, akaichemsha mpaka maji yakawa meusi, akatunywesha na supu ya mbuzi. Ukimwambia Akko mti fulani ni dawa, hakuuliza jani lake likoje. Alitazama chini.

Talaso alikuwa ameolewa karibu na nyumbani, na mimba zake zilikuwa zikitoka mapema. Ile ya mwisho ilishika. Sote tulikuwa tukitembea kwa vidole, hatuitaji kwa sauti. Kliniki wakamwambia damu iko chini, wakampa vidonge vya chuma, vikamchafua roho, akaviacha bila kumwambia mtu. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni Meru, na haya ninayasimulia kama Talaso alivyonisimulia.

Alikuwa akipita kwenye ua wa Mwalimu na ndoo. Mwalimu ndiye aliyemwita.

"Wewe binti, hebu nione viganja vyako." Akavitazama. "Hivi ni viganja vya karatasi. Damu huna. Ngoja."

Akamletea mfuko wa unga. Talaso anakumbuka alimwambia atie kijiko kwenye chakula, akamulie limau, na asinywe na chai kwa sababu chai inashika chuma kisiingie mwilini. Hilo la chai alilikumbuka kwa sababu lilimshangaza. Kwetu hakuna kitu kisichoteremshwa kwa chai. Na anakumbuka, "Mlonge utakuongezea damu." Basi.

Akaenda kwa Akko na mfuko wake. Akko akaufungua, akanusa, akautazama ule unga wa kijani.

"Nani amekupa hii?"

"Mwalimu. Anasema mti yake inaongeza damu."

"Mti ni mzuri," Akko akasema. "Lakini huyu mtu amekupa chakula ya mbuzi."

Mvua zilikuwa zimekula udongo wa njia inayopita nyuma ya ua wa Mwalimu, na mizizi ya mlonge ilikuwa imejitokeza nje, minene, iko wazi kama imewekwa pale ichukuliwe. Akko aliikata, akaimenya, akaichemsha kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Ilikuwa ikinuka kama haradali na kumtoa machozi, naye akafurahi, kwamba dawa kali ndiyo dawa. Talaso alikunywa asubuhi na jioni. Wiki ile ile tumbo likaanza kukaza, na mtoto akatoka kabla ya siku zake.

Daktari wa hospitali alikuwa mtu mwangalifu. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mizizi, kwa sababu na zile za kwanza zilikuwa zimetoka bila mizizi. Lakini alisema gome la mzizi wa mlonge lina vitu vinavyoweza kukaza nyumba ya uzazi, na kwamba mja mzito hapaswi kuligusa hata kwa ulimi. Mume wa Talaso alisikia sehemu hiyo ya pili tu.

Watu wa mume wakaita wazee. Mwalimu naye akaitwa, akaja na koti lake, akapewa kiti. Mama alikuwepo na ndiye aliyenisimulia, na Talaso akanisimulia vile vile. Mzee aliyeongoza akamsalimia, kisha akamuuliza kama ni yeye aliyempa msichana dawa.

"Nilimpa majani. Majani ni chakula."

"Ulimwambia mizizi ni mbaya?"

"Nilimwambia," Mwalimu akasema. "Majani tu, mizizi asiguse. Asiposikia, mimi nifanyeje? Mimi sirudii."

Mzee akamgeukia Talaso. "Ni kweli alikuambia?"

Na dada yangu, ambaye alikuwa ametoka hospitalini juzi, ambaye hakuwahi kumsikia Mwalimu akisema uongo, ambaye alijua yeye mwenyewe ni msahaulifu kwa sababu tumemcheka tangu utotoni, akasema, "Sikumbuki."

Hapo mambo yakaisha. Mama mkwe alisimama akasema yale aliyokuwa anayatafuta: kwamba huyu aliambiwa, akaenda akanywa kwa kujua, na mwanamke anayefanya hivyo hakutaka mtoto wa watu. Talaka haikuchukua muda. Lakini kilichomvunja Talaso hakikuwa talaka. Kilikuwa Akko. Kila Talaso alipoingia kumwamkia, Akko alimshika mkono na kumuuliza, bila hasira, "Intala, msichana wangu, mbona hukuniambia? Ungeniambia singechimba." Akko alikufa hajapata jibu, na Talaso akaondoka kwenda Garba Tulla kwa mjomba wetu, akawa mpishi wa shule. Haji nyumbani hata Idd.

Niliporudi kutoka chuoni nilikuta Mwalimu amebadilika kwa namna moja tu. Langoni ameweka kibao cha mbao, maandishi meupe: MAJANI TU. MIZIZI NI SUMU. Na yule mtu ambaye hakurudia neno kwa mwanafunzi aliyekuwa akilia, sasa alirudia kutwa. Aliwafuata akina mama njiani. "Majani tu, umesikia? Sema nisikie." Nilienda kuchukua unga kwa ajili ya mteja mmoja akanieleza habari za mizizi nikifika, akanieleza nikifunga mfuko, akanipigia kelele tena nikiwa ng'ambo ya barabara. Mimi, aliyenifundisha yeye mwenyewe! Nilisimama pale nikamtazama mzee huyu na koti lake, na wazo likaniingia ambalo halikutoka tena. Mtu aliyesema jambo kwa wakati wake hana haja ya kulipiga kelele baadaye.

Sikumuuliza wakati huo. Alikuwa ni Mwalimu, na ingekuwa neno langu juu ya lake, na tulikwisha kuona mashindano hayo yanaishaje.

Kisha akastaafu. Mke wake alikuwa amesharudi milimani. Yeye, ambaye maisha yake yote aliutazama ule mlima, hakwenda. Sijui kwa nini, pengine hakuna aliyemngoja huko. Alihamia Ngaremara, kwenye chumba cha kupanga kando ya lami, na mwaka jana, nikiwa nimepeleka dawa kwa mgonjwa upande huo, niliteremka kwenye bodaboda nikaenda kumtafuta. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limesimama. Nilimkuta kwenye benchi nje ya mlango, na sweta, bila koti. Amepungua. Mikono imejaa mishipa. Alinijua papo hapo, akaniita kwa jina la darasani, akaulizia kemisti yangu, akaagiza chai ya hotelini jirani na akaijaza sukari. Nilikuwa nimekuja na hasira, nikajikuta namwonea huruma, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kukuuliza kuhusu Talaso."

Akaweka kikombe chini. "Mizizi ya mlonge," akaanza, "ina alkaloidi kwenye gome lake. Kuna moja inaitwa spirochini, inalemaza neva. Na kwa mja mzito..."

"Sikukuuliza mizizi ina nini. Hiyo najua. Nakuuliza ulimwambia nini."

"Nilimwambia kijiko kimoja, limau, asichanganye na chai."

"Na mizizi?"

Lori la ng'ombe likapita, likatupiga vumbi. Akangoja lipite lote.

"Mtu akikuambia ule sukuma wiki," akasema, "anakuambia usile mzizi wake?"

"Kwa hivyo hukumwambia."

"Sikutaja mizizi. Haikunijia. Nani anang'oa mti aunywe?"

"Sisi, Mwalimu. Kwetu dawa ni mzizi. Umekaa na sisi maisha yako yote. Hujawahi kuona mtu wetu akiugua?"

Alifikiri kweli. Nilimwona akitafuta, kama alivyokuwa akitafuta kosa kwenye hesabu. "Sijawahi kuingia kwenu mtu akiugua," akasema.

"Na kwa wazee? Ulisema ulimwonya."

"Waliniuliza kama watu wanaomuuliza mwizi. Nyumba imejaa watu wenu, mimi peke yangu. Nikisema sikumwambia, ningelala wapi siku hiyo?" Akapangusa mdomo. "Niliona ni neno dogo. Sikujua watamwacha."

"Ulijua wiki iliyofuata. Mlikuwa mtaa mmoja. Ulimwona akipita na nguo zake."

"Nilimwona."

Nilitaka kumpiga, mzee kama yule. Badala yake nikatoa simu, nikampigia Talaso, nikaiweka spika, nikaishika katikati yetu. Akapokea. Nyuma yake sufuria zilikuwa zikigongana, jikoni kwake shuleni.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waleikum salaam. Talaso, niko Ngaremara kwa Mwalimu. Amekubali. Hakukuambia. Mizizi hakuitaja hata kidogo."

Nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikapungua.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Mpe simu," Talaso akasema. "Nataka anieleze kwa mdomo wake."

Nikamnyooshea. Mwalimu akaitazama ile simu, akaficha mikono yote miwili chini ya makwapa, akatikisa kichwa. Kisha akaniinamia, na kwa ile sauti yake ambayo hata ikinong'ona inafika viti vya nyuma, akasema, "Mwambie nimetoka."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, iko wazi.

"Nimemsikia, dada," Talaso akasema.

"Nimemsikia," akarudia. "Nami miaka yote nimejua ni mimi niliyesahau."

Akaanza kulia. Sikumbembeleza, na spika sikuizima. Nilikaa kwenye benchi la Mwalimu nikamwacha dada yangu alie mpaka amalize, na Mwalimu akakaa pale akisikiliza, kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wa mlango, nimemzibia njia ya kuingia ndani.